Mbaazi za Mama na Kisima cha Gesti

Miaka ile ya themanini, mtumishi wa serikali aliyehangaika na vyoo na visima vya watu aliitwa Bwana Afya, awe mwanamume au mwanamke. Mimi nilikuwa Bwana Afya wa kike, na wazee wa mtaani kwetu Malindi walinisalimu hivyo hivyo bila kuona ajabu: "Bwana Afya, hujambo mwanangu?" Sikuwa nimeajiriwa siku nyingi. Nilikuwa na sare mpya ya kaki, na hamu kubwa ya kumtia mtu adabu, yeyote yule.

Ndipo ikaja kozi. Ilikuwa imegunduliwa kwamba sisi watumishi wa pwani hatuzungumzi. Bwana Shamba aliwahimiza watu walime, wakalima hadi ukingoni mwa mto Sabaki. Bwana Maji akalalamika kwamba mto umejaa tope na mashine zake zinakwama. Bwana Samaki akalia kwamba tope hilo limefika baharini na samaki wamehama. Mimi nilizunguka nikichungulia vyoo, sina habari na mto wala bahari. Basi tukakusanywa Malindi kutoka pande zote, Ngomeni hadi Takaungu, tukaletewa mkufunzi kutoka Nairobi, tukaambiwa tutasoma pamoja namna ya kuyalinda maji tangu yanapoanguka kama mvua hadi yanapoingia baharini.

Mkufunzi alikuwa mtu mrefu, hana maneno mengi, na kila siku alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono ungeweza kukata kitunguu. Siku ya kwanza alichora ubaoni kilima, mto na bahari, kisha akavizungushia duara moja.

"Hii ni nyumba moja," akasema. "Ukimwaga maji machafu sebuleni, yatafika jikoni."

"Na sisi wa Ngomeni ndio tunaoishi jikoni," Bwana Samaki akadakia, akimtazama Bwana Shamba kwa jicho la pembeni.

Darasa likacheka. Bwana Shamba hakucheka.

Wenzangu waliotoka mbali walilazwa, pamoja na mkufunzi, katika gesti moja mtaani kwetu. Mwenye gesti alikuwa mzee wa bara aliyestaafia Malindi, mwenye tumbo la heshima na redio iliyoamka kabla ya jogoo. Gesti yake na nyumba yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe ya matumbawe, na katika ukuta ule palikuwa na mlango mdogo. Kila asubuhi Mama alipitisha mlangoni hapo beseni la mahamri na sufuria ya mbaazi za nazi kwa ajili ya chakula cha asubuhi cha wageni. Yeye na mzee wa gesti walikuwa wakibishana tangu nilipokuwa na akili: mara redio, mara jogoo wa Mama, mara tawi la mpera lililovuka ukuta bila ruhusa. Lakini mbaazi hazikukosa hata siku moja.

Haikupita wiki, matumbo ya wenzangu yakaharibika. Bwana Samaki ndiye aliyeanza. Mkufunzi akiwa katikati ya maneno, utamwona ameinuka, mkono tumboni, anatoka mbio kama aliyeitwa na mtu. Kisha Bwana Shamba. Kisha Bwana Maji, kijana mnene mwenye kicheko kikubwa aliyeletwa pwani kutoka bara na bado Kiswahili kilikuwa kikimpiga chenga.

Nikamwuliza mkufunzi kama haoni ni jambo la kuchunguzwa. Akavua miwani.

"Ni nazi," akasema. "Watu wa bara hawajazoea nazi. Zile mbaazi za asubuhi ni nzito mno."

Nilihisi damu inanipanda kichwani. Mbaazi za Mama! Mbaazi ambazo watu wa mtaa wa pili walituma watoto na mabakuli kuja kuzinunua, ambazo hata maharusi waliletewa! Na Bwana Samaki wa Ngomeni amekuwa mtu wa bara tangu lini? Na jioni ile mzee wa gesti, aliyekuwa amesikia habari hizo, akatokea mlangoni pa ukuta na kumwambia Mama, kwa adabu zote, kwamba labda apunguze tui kidogo kwa ajili ya wageni.

Mama alinyamaza. Mama akinyamaza, watu wa nyumbani hutafuta pa kukaa. Alikoroga chungu chake, akakifunika, ndipo akasema, "Tui langu halijamwendesha mtu mbio tangu nizaliwe. Mwambie huyo mwalimu atafute kinachowakimbiza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiwe Bwana Afya. Unavaa kaki ya nini?"

Mimi nilikuwa na dhana yangu. Kisima cha gesti kilikuwa katikati ya uwanja wao, na shimo la choo chao lilikuwa nyuma ya jiko, hapo hapo, pa kurusha kiatu. Mabomba ya mtaani siku hizo yalikuwa yakikohoa upepo tu, kwa hiyo gesti ilitegemea kisima kwa kila kitu: kupikia, kuogea, kufulia. Nilimwendea mzee, nikamwamkia, nikamwomba anipe ruhusa ya kukipima.

"Mwanangu," akasema, akinicheka kwa upole, "kisima hiki nimekikuta na nitakiacha. Maji yake matamu kuliko ya bomba. Kapime vya watu wengine."

Wiki ile ile tukaenda Kakuyuni kwa somo la mashambani. Palikuwa na mfereji uliokatiza katikati ya shamba la mahindi ukateremka mpaka mtoni. Mkufunzi alitoa mkebe katika sanduku la vifaa, akatuonyesha unga ndani yake, mwekundu wa kahawia kama pilipili iliyosagwa.

"Hii ni rangi ya kufuatia maji," akasema. "Haimdhuru mtu wala mnyama. Ukitaka kujua maji yanakwenda wapi, usibahatishe. Yapake rangi uyafuate."

Akachota kijiko kimoja cha chai, akakitikisa juu ya mfereji. Ule wekundu ulipogusa maji, yakawaka kijani, kijani kinachong'aa kama macho ya paka. Kina mama waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakaja kuangalia. Kijani kikateremka, kikapita kwenye kinyesi cha ng'ombe, kikapita kwenye udongo uliomomonyoka, kikaingia Sabaki na kuchora mstari mrefu uliokuwa ukielekea baharini. Bwana Shamba alisimama ukingoni, mikono nyuma, akiufuata ule mstari kwa macho mpaka ukapotea. Bwana Samaki safari hii hakumchokoza.

Nami niliutazama ule mkebe kwa mapenzi makubwa. Sanduku la vifaa nilikuwa nimepewa mimi kulitunza.

Mwenzangu katika shauri langu alikuwa Bwana Maji, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limemchosha na kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza maswali mengi. Tulingoja mchana, wengine wakiwa wanakula na mzee wa gesti amelala kibarazani, redio kifuani. Tukaingia chooni na ndoo za maji. Nikafungua mkebe, nikachota kijiko kimoja kama tulivyofundishwa.

"Hii kijiko ni kidogo sana," Bwana Maji akanong'ona.

"Sema kijiko hiki," nikamsahihisha, kwani nilikuwa nimejipa kazi ya kumnyosha lugha.

"Kijiko hiki ni kidogo sana."

"Sasa umesema sawa," nikasema, na kwa kuwa alikuwa amesema sawa niliona ni haki nimsikilize. Nikaumimina mkebe wote. Tukafuatisha ndoo za maji, tukatoka mmoja mmoja kama watu wasiojuana.

Kila asubuhi nilijitolea kumbebea Mama sufuria ya mbaazi hadi ng'ambo ya ukuta. Mama alinishukuru kwa tabia hii mpya. Nikishatua sufuria nilipita kisimani na kuchungulia. Maji meusi, matulivu, na uso wangu mwenyewe ukinitazama kutoka chini. Hakuna kitu. Bwana Maji akaanza kunikwepa, akidhani tumeharibu mali ya serikali bure. Kisha siku ya Ijumaa mvua kubwa ikanyesha, ikapiga mpaka jioni, na Jumamosi na Jumapili nilikuwa arusini kwa jamaa zetu, nikasahau kila kitu.

Jumatatu mkufunzi aliingia darasani.

Alikuwa amevaa gizani, maana umeme ulikuwa umekatika, akatembea mpaka darasani chini ya mawingu. Lakini alipofika mbele, jua lilitoka na kupenya dirishani likamwangukia sawasawa, na shati lake likawaka. Lilikuwa rangi ya ndimu mbichi. Kola ilikuwa imekolea zaidi, na chini ya kwapa palikuwa kama jani la mgomba. Yeye hakuwa na habari. Alitusalimu, akaanza kufuta ubao.

Bwana Shamba, aliyekaa mbele, aliona lazima mtu aseme kitu.

"Mwalimu," akasema, "leo umependeza."

Mkufunzi akashukuru. Ndipo alipoinua mkono kuandika, akauona mkono wenyewe. Chaki ikasimama hewani.

Kabla hajasema neno, kelele zikatoka nje. Darasa letu lilikuwa karibu na gesti, na sauti ya mzee ilikuwa ikifika kabla yake. Alikuwa akija na mama aliyekuwa akifua nguo za wageni, mama mmoja wa Kakuyuni aliyekuwa akija mjini kila Jumamosi na Jumatatu, mwenye mikono ya nguvu na ulimi usio na breki. Mzee alikuwa amebeba rundo la mashati ya mkufunzi, yote ya kijani, anataka kuomba radhi mbele ya watu.

"Mwalimu, samahani sana," akasema akihema. "Huyu amefua nguo zako pamoja na leso ya kijani. Leo ndiyo mwisho wake kwangu."

"Leso gani?" yule mama akapiga kelele. "Nionyeshe hiyo leso! Mimi nimefua kwa sabuni ya kipande na maji ya kisima chako, basi! Mulungu anaona! Miaka yote nafua hapa, leo nipake watu rangi nimekuwa mchoraji?"

"Umefua na leso!"

"Kama nimefua na leso, hiyo leso yangu sasa ingekuwa nyeupe. Iko wapi?"

Nilimtazama Bwana Maji. Alikuwa amezama katika daftari lake kama mtu anayesali. Nikaona wazi kwamba mama wa watu anafukuzwa kazi na mimi nimekaa, na hilo halikuwamo katika shauri letu. Nikasimama.

"Mzee, si leso," nikasema. "Ni choo."

Sikuwa nimepanga kulisema hivyo, lakini lilikuwa limekwisha toka. Nikaeleza: mkebe, mchana ule, ndoo za maji. Nilisema "mimi" kila mahali, mpaka Bwana Maji, kwa kuona aibu, akainuka na kusema, "Na mimi nilikuwako. Ndoo hizo nilibeba mimi." Hata siku ile nilisikia kwamba ngeli alikuwa ameipatia.

Mkufunzi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akashika ukosi wa shati lake, akautazama. Akamgeukia mzee wa gesti.

"Chai ya asubuhi," akauliza taratibu, "inapikwa kwa maji gani?"

"Ya kisima, mwalimu," mzee akajibu kwa fahari, maana bado mambo hayajamkaa kichwani. "Maji yetu ni baraka."

Mkufunzi akavuta kiti akakaa. Sote tulikuwa tukijua jinsi alivyoipenda ile chai. Alikuwa akinywa vikombe viwili na kuomba cha tatu, akiisifu kwamba Nairobi hawajui kupika chai. Kwa kuwa ilikuwa ya maziwa, rangi haikuonekana.

Nyuma ya darasa Bwana Samaki akainua mkono. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo.

"Kumbe!" akasema. "Mimi tangu jana nilikuwa nikifikiri nina ugonjwa. Kila nikienda haja ndogo naona..."

"Inatosha," mkufunzi akasema.

Darasa lilivunjika. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Hata yule mama wa Kakuyuni alicheka, akajifunika uso kwa leso yake, ambayo nataka ijulikane kwamba ilikuwa nyekundu. Mzee wa gesti peke yake hakucheka. Yalikuwa yanamwingia sasa, polepole, na uso wake ukawa unabadilika nayo.

Mkufunzi aliniita ubaoni. Nilidhani atanifukuza kwenye kozi. Alinipa chaki. "Chora," akasema. "Shimo hapa, kisima hapa. Waeleze wenzako mvua ya Ijumaa ilifanya nini."

Nikachora. Nilieleza kwamba ardhi yetu ya Malindi si udongo mzito wa bara unaochuja, ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu na mianya. Kwamba maji ya shimo yalikuwa yakingoja tu kitu cha kuyasukuma, na mvua ikayasukuma. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza mkufunzi akasema, "Ulifanya bila ruhusa, na ulitia rangi ya kozi nzima ya mwakani. Haya mawili tutayazungumza. Lakini jibu lako ni sahihi." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, "Na nadhani nina neno la kumwambia mama mpika mbaazi."

Nilikuwa naanza kuota mabawa pale mbele, ndipo mzee wa gesti alipopata tena ulimi wake.

"Sawa," akasema. "Nimekubali, shimo langu limevuja. Lakini mwalimu, hapa mtaani mashimo si moja. Ng'ambo ya ukuta wangu lipo lingine, karibu na kisima changu kama langu. Mbona hilo halikutiwa rangi?"

"Ni shimo la nani?" mkufunzi akauliza.

Mzee akanionyesha kwa kidevu. "La kwao."

Wenzangu waliguna kwa pamoja, mguno mrefu wa watu wanaoangalia mpira.

Nilikwenda nyumbani kumwomba Mama ruhusa. Alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo. Nilipomwambia kwamba mkufunzi ameondoa lawama kwenye tui lake, alitabasamu mpaka macho yakafumba. Nilipomwambia habari ya shimo letu, tabasamu lilikwenda zake.

"Shimo lile alilichimba marehemu babako kwa mkono wake."

"Najua, Mama."

"Babako alikuwa fundi."

"Najua. Ndiyo maana nasema wacha watie rangi, tumnyamazishe mzee."

Hilo lilimwingia vizuri. "Watie!" akasema. "Watie na hina wakipenda. Lakini wakimaliza, huyo mwalimu aje akae hapa ale mbaazi zangu mbele ya macho yangu."

Mkufunzi alikuwa na mkebe mwingine, wa rangi ya waridi, na safari hii aliushika mwenyewe na kijiko akakishika mwenyewe. Darasa zima lilijaa uani kwetu. Mama alivaa leso zake mpya, jozi ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani, akajipaka na wanja. Mzee wa gesti alijiletea kiti. Rangi ikatiwa, maji yakamwagwa, watu wakala mbaazi. Mkufunzi alikula sahani nzima na kuongeza, na Mama aliyahesabu matonge yake kama mtu anayelipwa deni la muda mrefu.

Kwa kuwa mvua zilikuwa zikiendelea, hatukungoja sana. Siku ya tatu au ya nne hivi, mapema asubuhi, mzee wa gesti aligonga mlango wa ukuta. Alikuwa na glasi mkononi. Ndani yake maji yalikuwa ya waridi. Alimwinulia Mama ile glasi juani kama mtu anayeonyesha kito.

Mama akamwambia, "Hayo ni ya kisima chako." Akachukua ndoo yake, akaitumbukiza katika kisima chetu wenyewe, akaivuta, akamimina maji kwenye karai jeupe.

Yalikuwa ya waridi. Mazuri kuyaangalia, kama sharubati ya Idi.

Nilitaka kucheka na sikuweza. Mama alikaa kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa haangalii maji, alikuwa anaangalia mbali, na nilijua anafikiria nini kabla hajasema. Mdogo wangu wa kiume, alipokuwa anasoma darasa la tatu, alilazwa hospitali na homa ya matumbo mpaka akabaki mifupa. Alipona, sasa ni baba wa watoto. Lakini Mama alikuwa na hakika kwamba alipata ugonjwa ule kwa barafu za rangi alizokuwa akinunua langoni pa shule.

"Nilimchapa," Mama akasema. "Ametoka hospitali, hana nguvu ya kusimama, nikamchapa kwa zile barafu. Kumbe nilikuwa nikimnywesha mwenyewe, hapa."

Nilikuwa nimefundishwa kuchora shimo na kisima, sikuwa nimefundishwa hili. Nilikaa karibu naye. Ajabu ni kwamba aliyesema neno alikuwa mzee wa gesti. Alishusha glasi yake, akaimwaga chini taratibu.

"Hukujua, mama," akasema. "Hata mimi sikujua. Wageni wangu wote nimewakaribisha kwa maji haya."

Mama akamwangalia. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza.

"Lakini wewe," akasema, "mimi nimekunywa shimo langu tu. Wewe umekunywa yote mawili."

Mzee akafikiri kidogo. "Nilikuwa na wageni wengi," akasema. "Tuligawana."

Walicheka, wale wawili, ambao sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja, wakacheka mpaka Mama akafuta wanja kwa ncha ya leso.

Kilichofuata hakikuwa katika mtaala wa kozi. Asubuhi hiyo hiyo Mama alichukua chupa mbili safi za kioo, akajaza moja maji ya kijani ya kisima cha gesti, ambayo mkufunzi alikuwa ameyahifadhi tangu Jumatatu ile, nyingine ya waridi ya kwetu. Akavaa buibui. Mzee akavaa koti. Wakaenda pamoja kwenye ofisi iliyohusika na mabomba, ambako watu wa mtaa wetu walikuwa wakiambiwa "njooni wiki ijayo" tangu siku nyingi. Mimi niliwafuata kwa mbali, nikijifanya nina shughuli zangu.

Bwana mkubwa wa ofisi ile alikuwa mtu mpole, mwenye joto jingi na feni iliyoharibika. Mama alimwamkia vizuri, akamuuliza watoto, akamuuliza mke, kisha akasema, "Mwanangu, naona jasho linakutoka. Nimekuletea sharubati." Akamimina ya waridi kwenye glasi. Yule bwana alishukuru sana, akainua glasi, na ilipokwisha kufika mdomoni Mama akamshika mkono.

"Ngoja kwanza nikueleze ilikotoka," akasema.

Alimweleza. Hakuacha kitu. Mzee wa gesti aliongeza pale aliposahau, na akaweka ile chupa ya kijani mezani kando ya nyingine. "Hii ni ya kwangu," akasema. "Chagua uipendayo."

Bomba lililetwa. Halikuletwa kesho yake wala wiki ijayo, lakini lililetwa, na fundi aliyekuja kulifunga alikuwa Bwana Maji, aliyeomba mwenyewe apangiwe kazi hiyo kama zoezi lake la mwisho. Sisi wengine wa kozi tulipewa zoezi la kutembea nyumba kwa nyumba mtaa mzima, kwa ruhusa safari hii, tukitazama mashimo na visima vinavyokaa jirani. Bwana Shamba na Bwana Samaki walitembea pamoja siku nzima, wakibishana kuhusu tope la Sabaki mpaka mlango wa kila nyumba, na jioni walikuwa wamekubaliana waende Kakuyuni wakapande majani ukingoni mwa ule mfereji. Mashimo mapya yalichimbwa upande wa chini, mbali na visima, yakajengwa kwa simenti. La kwetu Mama alisimamia mwenyewe. Fundi alimtoroka mara mbili. Visima vilibaki kwa kufulia na kumwagilia, na mama wa Kakuyuni aliendelea kufua gesti, na akawa akidai nguo zote zitazamwe juani mbele ya mashahidi kabla hajaondoka.

Kozi ilipofungwa nilipangiwa kazi Takaungu. Mkufunzi alikuwa amenisema vizuri kwa wakubwa, ingawa alikuwa ameongeza kwamba ni vyema nisikabidhiwe vifaa.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka na mkoba wangu kabla jua halijachomoza sawasawa. Kwenye bomba palikuwa na foleni, na kichwani mwa foleni palikuwa na ugomvi. Mama alikuwa ameweka ndoo yake, mzee wa gesti ameweka debe lake, na kila mmoja alikuwa akiapa kwamba alifika wa kwanza.

"Mimi nimekuja tangu adhana!"

"Mimi sikulala!"

Waliponiona wakaniita kwa pamoja. "Bwana Afya! Njoo wewe uamue."

Niliwaangalia. Maji yalikuwa yanatoka, meupe, yanafurika chini bila ndoo wala debe kuyakinga. Nikamwinamia Mama nikambusu mkono, nikampa mzee shikamoo yake, nikafunga bomba, nikashika njia ya kituoni. Nyuma yangu niliwasikia wameanza upya, safari hii kuhusu nani kati yao alilifungua.